Tom Mboya na Meza ya Viti Vitatu

Kila mwezi wa Julai ukiingia humkumbuka mtu ambaye sikupata kumwona. Alipouawa, tarehe 5 Julai 1969, mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilizaliwa mwaka uliofuata, hapa Mombasa, mtaa wa Kuze, katika nyumba ambayo picha yake ilitundikwa ukutani karibu na saa ya kutia ufunguo. Wageni walioingia kwetu mara ya kwanza waliishangaa picha ile. Mjaluo, Mkatoliki, si jamaa wala si jirani, ana nini na nyumba ya watu wa chuoni? Marehemu baba yangu alikuwa kuli wa Kilindini, naye hakuona haja ya kumweleza mtu.

Baada ya sala ya isha watu wazima walikaa barazani, na kazi yangu ilikuwa kuwatilia kahawa. Ami yangu alikuwa karani wa kampuni moja ya uwakala wa meli. Kila iliposikika kwamba kampuni fulani imefunga milango, ami na baba walishikana kwa maneno. Ami alishikilia kuwa chama cha wafanyakazi ndicho kilichoiua, kwa kudai kila siku na kugoma kila mwezi. Baba naye alishikilia kuwa wakubwa wa kampuni wameila wenyewe, kisha wakamtupia lawama mbeba mizigo. Ajabu ni kwamba mabishano yote yaliishia kwa mtu wa pichani, na kila mmoja alimdai kuwa ni wake. Ami alimsifu kwa kuwarudisha makuli kazini, na baba alimsifu kwa kuwafanya walipwe. Nilidhani mmoja wao anasema uongo. Hivi karibuni nilipokwenda Kisumu, nikapita viwanda vya sukari vya huko, kisha nikazunguka ghuba hadi Rusinga, ndipo nilipoona kuwa wote wawili walikuwa wakisema kweli, na kwamba kuna mtu wa tatu ambaye hapana aliyemtaja barazani.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la katani la Mzungu tajiri aliyeitwa McMillan. Wazazi wake walikuwa watu wa kisiwa cha Rusinga, na baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mfanyakazi wa shamba hilo. Kwa hiyo huyu ambaye leo kaburi lake liko ziwani alikulia mbali na ziwa, kati ya Wakamba na Wakikuyu na watu wa kila kabila waliokuja kukata mkonge. Akajua Kikamba, Kikikuyu na Kiswahili pamoja na Kijaluo cha nyumbani. Wengi wanaosimulia habari zake huanza na akili zake. Mimi huanza na kambi ile, kwa sababu mtoto aliyekulia kambini hujifunza mapema kuwa ujira hauulizi kabila.

Alisoma Kabaa huko Ukambani, kisha Yala upande wa Nyanza, kisha Mang'u. Fedha za karo zikamwishia kabla ya masomo. Akaenda kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya katika chuo cha Jeanes, Kabete, na mwaka 1951 akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi. Yeye mwenyewe alipata kuandika habari ya siku moja alipokuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa, akaingia mama wa Kizungu na chupa yake. Mama yule alitazama huku na huku, akamtazama na yeye, kisha akauliza kama hamna mtu mle ndani. Tena kulikuwa na jambo la mshahara: mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ile ile alilipwa zaidi kwa mbali. Wengine wangenung'unika nyumbani. Mboya alikichukua chama kidogo cha watumishi Waafrika, chama cha chai na salamu, akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa.

Wakati ule haukuwa mwema. Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na mwaka uliofuata ikakipiga marufuku chama cha KAU. Siasa ikafungwa kinywa. Makhan Singh, Kalasinga aliyepanda mbegu ya vyama vya wafanyakazi nchini, alikuwa amekwisha kutiwa kizuizini tangu 1950, na hakutoka mpaka 1961. Chege Kibachia, aliyeongoza mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, alikwisha kuhamishiwa Baringo. Wazee wetu wanaukumbuka mgomo ule, watu wapatao 15,000 wakaweka kazi chini na kukutana kila siku katika kiwanja kilichoitwa Kiwanja cha Maskini. Katika ukimya wa miaka hiyo ya hamsini mlango uliobaki wazi, tena nusu, ni mlango wa vyama vya wafanyakazi. Mboya akaingia hapo. Mwaka 1953, akiwa na miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo.

Sasa nifike Mombasa, Machi 1955, maana hapo ndipo picha ile ilipopata njia ya kuingia nyumbani kwetu.

Baba alikuwa kijana, kibarua wa bandarini. Kibarua wa siku hizo hakuwa na kazi, alikuwa na bahati. Alfajiri walisimama langoni kwa mamia, msimamizi akanyoosha kidole, wewe na wewe na wewe, waliobaki wakarudi makwao na njaa yao. Makuli wakagoma. Meli zikakaa na shehena zake, na Serikali, ambayo ilikuwa na vita bara, haikutaka moto mwingine pwani. Mboya akaja kutoka Nairobi. Baba alimweleza kuwa ni kijana mwembamba, suti yake imenyooka kama ya bwana harusi, Kiswahili chake si cha kwetu lakini hakikuwa na kigugumizi. Alichowaambia hakikuwafurahisha. Aliwataka warudi kazini kwanza, na madai yao yapelekwe mbele ya baraza la usuluhishi, yeye akiwa msemaji wao. Wengi walinung'unika kuwa ametumwa. Wakarudi hata hivyo.

Ushindi waliutegemea kwa nguvu za mikono, ukaja kwa hesabu. Mboya alisimama mbele ya baraza lile akaonyesha kwa tarakimu kuwa mshahara wa kuli haumtoshi kuli. Uamuzi ulipotoka makuli walipewa nyongeza ya kiasi cha theluthi moja. Theluthi, msomaji, katika mwaka ambao mtu mweusi aliyedai senti aliweza kuitwa mhaini! Ami alikuwa akisema hadi uzee wake kuwa waajiri walipiga mayowe siku ile kwamba bandari itakufa. Haikufa. Gati ziliongezwa Kipevu, meli zikazidi. Kilichokuja kuwapunguza makuli wetu miaka ya baadaye ni kontena, na kontena halikuletwa na mgomo.

Baada ya hapo maisha yake yalikwenda mbio. Alikwenda chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955 hadi 1956. Machi 1957 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kumshinda wakili Argwings-Kodhek mjini Nairobi. Desemba 1958 akawa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima kule Accra, akiwa na miaka 28. Kuanzia 1959 akapeleka vijana Marekani kwa ndege kwenda kusoma. Habari hizi zinajulikana, nami sitazirudia. Ila nitaje doa ambalo wapinzani wake hawakuacha kulionyesha: fedha za jengo la shirikisho lake Nairobi, Solidarity House, zilitoka kwa vyama vya wafanyakazi vya Marekani. Oginga Odinga, mkubwa wa siasa za Kisumu, hakumsamehe kwa hilo. Mboya hakuficha msaada ule wala hakuona haya.

Kazi yake iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haina ndege wala shangwe, na watoto wa shule hawaisomi. Mwaka 1962 alifanywa Waziri wa Kazi. Nchi ilikuwa imejaa migomo, katika mashamba, viwanda na ofisi, kwa kuwa Uhuru ulinukia na kila mtu alitaka kuonja kabla haujapakuliwa. Mtu aliyepanda ngazi kwa vyama vya wafanyakazi sasa alitakiwa avizuie. Oktoba mwaka huo aliwakalisha waajiri na wafanyakazi, pamoja na Serikali, wakatia saini Mkataba wa Uhusiano wa Kazi. Tuseme alitengeneza meza yenye viti vitatu. Mwajiri akubali chama na azungumze nacho, tena akikate ada ya chama kwenye mshahara. Mfanyakazi asigome kabla ya mazungumzo na usuluhishi kushindikana. Na Serikali ikae kiti cha tatu, kiti cha msuluhishi asiye na mali katika ugomvi. Mwaka 1964 ikaundwa Mahakama ya Kazi, ambayo Jaji Saeed Cockar aliiongoza kwa miaka mingi. Mwaka huo huo vyama vikakubali kutogoma kwa miezi 12 na kutodai nyongeza, na waajiri nao wakaahidi kuongeza watu kazini, asilimia 10 kwa makampuni na 15 kwa Serikali. Sisi tuliosoma chuoni tunajua hukumu ya ujira uliocheleweshwa hata jasho likakauka. Meza ile ilikuwa namna ya kidunia ya kuitafuta hukumu hiyo bila kupigana.

Baadhi ya wenzake wa zamani walimwita msaliti. Vyama vikagawanyika makundi mawili, na mwaka 1965 makundi hayo yakapigana hapa Mombasa, damu ikamwagika. Kiongozi mmoja wa makuli wetu siku hizo, Dennis Akumu, alikuwa pia mtu wa kando ya ziwa, wa Nyakach, na alikuwa upande uliompinga Mboya. Baada ya fujo zile Serikali ilivivunja vyama vikuu vyote viwili ikaunda kimoja, COTU. Katibu wake mkuu akawa ni mtu anayechaguliwa na Rais kutoka majina matatu aliyopelekewa. Hapo kiti cha pili kilifungwa kamba, na ncha ya kamba ikawa katika kiti cha tatu.

Mboya alikwisha kuhama wizara. Tangu mwisho wa 1964 alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, na ofisini mwake ndimo ulimotoka waraka maarufu wa 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika, na mpango wa maendeleo wa 1966 hadi 1970. Nyanza ilipata sehemu yake. Uwanda wa Kano, mashariki ya Kisumu, ulikuwa na kiwanda cha sukari cha Miwani tangu 1922, mali ya Wahindi. Sasa vikaongezwa Muhoroni na Chemelil, na humo Serikali ikawa mwenye mali mkubwa. Wakulima walipimiwa mashamba ya miwa, vijana wakaajiriwa, na mji wa Kisumu ukanenepa kwa mishahara ya viwanda hivyo.

Mwaka 1989 nilipanda treni ya usiku kwenda Kisumu kwa mara ya kwanza, njia ile ile ya reli iliyofika ziwani Desemba 1901. Nilisali alfajiri ndani ya behewa, kibla nikikisia tu, na nilipotoa salamu nikasikia harufu ya molasi ikiingia dirishani. Tulikuwa tunapita Muhoroni. Taa za kiwanda ziliwaka kama meli iliyotia nanga Kilindini. Abiria mwenzangu alinihesabia kwa vidole: Muhoroni, Chemelil, Miwani, halafu Kibos walipo ndugu zetu Wanubi, halafu Kisumu. Nilidhani vitu vikubwa namna hiyo havifi.

Miwani ilizimika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Muhoroni ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2001 kwa sababu ya madeni. Chemelil ilijikokota, ikisimama na kuanza. Wafanyakazi wakadai mishahara ya miezi na miezi, wakulima wakadai malipo ya miwa iliyokwisha kusagwa na kuliwa. Mwezi wa Mei 2025 Serikali ilivikodisha Chemelil na Muhoroni pamoja na viwanda vingine viwili vya magharibi kwa makampuni ya watu binafsi, kwa muda wa miaka 30.

Nani aliviua? Kisumu nilimsikia ami yangu tena, katika vinywa vya watu wengine. Ati wafanyakazi walikuwa wengi kuliko miwa. Ati chama kiligomea kila mabadiliko. Sitaki kuwa mwana wa kuli asiyesikia upande wa pili. Ni kweli kuwa viwanda vilijaa watu kupita kazi iliyokuwako. Lakini chama hakina kalamu ya kuajiri. Aliyewajaza ni yule aliyeweka meneja, na meneja aliwekwa na Serikali, na Serikali ilikuwa na wanasiasa wenye jamaa wa kuweka na kura za kutafuta. Mitambo ilipitwa na wakati wa kutengenezwa, sukari ya bei nafuu ikaingizwa kutoka ng'ambo kwa vibali vilivyotolewa Nairobi, na madeni yakalipiwa madeni. Migomo ilikuwako, ndiyo. Itazame ilikuwa ya nini. Katika miaka hii ya mwisho aghalabu haikuwa ya kudai nyongeza, ilikuwa ya kudai mshahara uliokwisha kufanyiwa kazi. Hiyo ni kama kumlaumu maiti kwa kunuka.

Tena tuangalie tarehe, kwa kuwa tarehe hazina chama. Migomo mikali ya Kenya ilikuwa ya 1960 hadi 1962. Miaka ile Miwani ilikuwa hai. Viwanda vilikuja kufa katika miaka ambayo vyama vilikuwa vimetulizwa, viongozi wake wanapokea ada inayokatwa mshaharani, tena wengi wao wasijali kuuliza hesabu za kampuni zinakwendaje. Kama kelele za wafanyakazi ndizo sumu, ilikuwaje mgonjwa akaishi wakati wa kelele akafa wakati wa kimya?

Mabishano haya si yetu peke yetu. Waingereza wameyafanya kwa miaka juu ya kampuni yao kubwa ya magari, British Leyland, ambayo malori yake tuliyajua, tena yakaja kuunganishwa Thika, si mbali na shamba alikozaliwa Mboya. Kampuni ile iliundwa 1968 kwa kuunganisha nyingine, ikafilisika, na mwaka 1975 Serikali yao ikaichukua. Wengine humlaumu Derek Robinson, msemaji wa wafanyakazi aliyefukuzwa 1979, kwa migomo isiyokwisha. Wengine huwalaumu wakubwa waliounda magari ambayo mnunuzi hakuyataka, na viwanda viwili vya kampuni moja vikashindana vyenyewe. Huko migomo ilikuwa mizito kweli, wala sitaisafisha. Ila mnunuzi aliyekwenda kununua gari la Kijapani hakwenda kwa sababu ya Robinson, alikwenda kwa sababu lile la Kijapani liliwaka asubuhi.

Narudi kwenye meza. Meza ya mwaka 1962 ilikuwa njema kwa shamba la Mzungu na kiwanda cha Mhindi, maana Serikali haikuwa na hisa humo, iliweza kumkaripia yeyote. Kule Muhoroni na Chemelil kiti cha mwajiri na kiti cha msuluhishi vilikaliwa na mtu mmoja, naye ndiye aliyeshika kamba ya kiti cha mfanyakazi. Meneja alipoharibu, mkulima angemshitaki kwa nani? Mfanyakazi aliposema fedha zinapotea, nani angemsikiliza asiyekuwa ndugu wa mpotezaji? Na hapa sina budi kusema lisilompendeza baba yangu huko aliko, Mola amrehemu. Aliyetengeneza meza ndiye aliyekuwa Waziri wa Mipango wakati Serikali ilipojivutia kiti cha pili cha kukalia. Yamkini angeliona kosa na kulirekebisha, maana hakuwa mtu wa kuona haya kubadili njia. Hakupewa muda.

Ile Jumamosi, 5 Julai 1969, aliingia duka la dawa la Chhani katika Government Road, Nairobi, barabara ambayo sasa ni Moi Avenue. Alipotoka akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga alihukumiwa kwa mauaji hayo, na wengi hadi leo hawajaridhika kuwa alikuwa peke yake. Maiti ilisafirishwa kwa barabara kutoka Nairobi hadi Kisumu na kuzunguka ziwa mpaka Rusinga, watu wakilia njia nzima. Oktoba 25 mwaka huo, Rais Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali, ghasia zilizuka na askari wakafyatulia umati. Mji ule bado unauguza siku hiyo.

Njia ya nchi kavu ya kwenda Rusinga hupita Kendu Bay, ambako nilisali adhuhuri katika msikiti wa Tawakal, kisha Homa Bay, kisha Mbita na daraja lake. Kaburi liko Kasawanga, ndani ya jengo lililoumbwa mfano wa risasi. Nilisimama nje kidogo kabla ya kuingia, upepo wa ziwa ukivuma kama wa kusi kwetu. Upande wa pili wa ghuba, Kisumu, kuna chuo cha wafanyakazi cha COTU kilichopewa jina lake. Siku niliyopita pale lango lilikuwa limefungwa, nikalitazama jina na kuendelea na safari.

Picha ya nyumbani sasa iko kwangu. Baba alipofariki, nyumba ilipakwa chokaa kwa ajili ya arubaini, na kila kitu kikaondolewa ukutani. Sote tulidhani picha ile haitarudi. Ami, naye wakati huo macho yamekwisha kupungua nguvu, alipapasa ukuta mpaka akaupata msumari wa zamani, akaitundika kwa mkono wake, akauliza kama imekaa sawa.